Kahawa Inayowasaidia Vijana: Tuulize Habari za Gunia Lililopata Alama 79

Mvua ikianza kunyesha saa nane za usiku, wa kwanza kuamka katika nyumba ya mkulima wa kahawa maalumu ni kijana. Anatoka na tochi ya simu, anakimbilia vichanja, anavuta turubai juu ya kahawa ambayo bado imo kwenye maganda yake, kisha analibana kwa mawe pande zote. Akichelewa nusu saa, kahawa iliyokwisha kukauka siku tisa inanyonya maji upya, na harufu ya ukungu ikishaingia haitoki tena, hata ikaangwe na fundi wa namna gani. Asubuhi atafunua, atageuza kwa mkono, atachambua zilizovunjika na zilizobadilika rangi. Jua likiwa kali atafunika tena ili ganda lisipasuke. Ataendelea hivyo wiki mbili, pengine tatu, mpaka unyevu wa punje ushuke na kufikia asilimia 10 hadi 12.

Kazi hiyo ndiyo inayouzwa kwa jina la kahawa maalumu, na mifuko mingi siku hizi imeandikwa kwamba kahawa iliyomo inawasaidia wakulima vijana. Nayapenda maneno hayo na ninataka yawe kweli. Kilimo cha kahawa kinazeeka, watoto wa wakulima wanaondoka, na bila mikono mipya hakuna atakayeamka saa nane usiku kufunika vichanja. Ila kabla ya kuyaamini nina swali moja ninalouliza kila mara: tangu tunda linapochumwa hadi fedha inapofika mkononi, hasara ikitokea anaibeba nani? Kama ni kijana peke yake, huo si msaada, hata bei ya mwisho ikionekana nono namna gani.

Jina lenyewe la kahawa maalumu lina historia fupi. Erna Knutsen, mfanyabiashara wa kahawa mzaliwa wa Norway aliyeishi na kufanya kazi Marekani, alilitumia mwaka 1974 katika jarida la biashara ya chai na kahawa, akizungumzia kahawa ambazo mahali zilipoota huzipa ladha ya pekee. Baadaye likawekewa vipimo. Kahawa huonjwa na kupewa alama kati ya 100, na inayofika 80 ndiyo huitwa maalumu. Kabla ya kuonjwa huchukuliwa gramu 350 za punje ghafi, zikatandazwa mezani na kuchambuliwa moja moja. Kasoro kubwa, kama punje iliyo nyeusi yote au iliyochacha, haitakiwi hata moja. Kasoro ndogo zisizidi tano.

Sasa vitazame vipimo hivyo ukiwa umesimama shambani na kikapu kiunoni. Matunda ya mbuni hayaivi siku moja. Tawi moja lina mekundu, ya manjano na mabichi kwa pamoja. Anayeuza kahawa ya kawaida anaweza kukwanyua tawi zima na kwenda zake. Anayetafuta alama 80 hurudi kwenye mti uleule mara nne au tano akichuma yaliyoiva tu. Kisha huyamwaga kwenye maji na kuondoa yanayoelea, huyamenya siku hiyohiyo, huivundika kahawa kwa saa alizozipima, huiosha na kuianika. Takriban kilo sita za matunda hutoa kilo moja ya kahawa ghafi. Na katika hatua zote hizo yeye ndiye anayetoa fedha. Kibarua hasubiri alama, anataka ujira wake jioni. Malipo ya ubora huja miezi mingi baadaye, kahawa ikishakobolewa, kuonjwa, kupata mnunuzi na wakati mwingine kuvuka bahari. Alama zikiishia 79, malipo hayo hayaji kabisa.

Mzee ambaye mibuni yake ilikwisha kurudisha gharama zamani, mwenye mazao mengine na watoto wanaojitegemea, anaweza kuusubiri mchezo huo uishe. Kijana mwenye mtoto mchanga na kodi ya shamba la kukodi hawezi. Ndiyo maana kahawa maalumu, kama inavyoendeshwa mahali pengi, huwapa zaidi waliokwisha kuwa nacho. Uhodari wa kijana unaweza kuwa mkubwa kuliko wa mzee. Anachokosa ni pumzi ya kusubiri. Na pumzi hiyo hainunuliwi kwa semina za ujasiriamali.

Kusubiri kwenyewe huanza mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Mche ukipandwa leo utakaa miaka mitatu hadi minne kabla ya kutoa mavuno ya maana. Hata ukirithi mibuni ya zamani ukaikata visiki ili ichipue upya, una kama miaka miwili ya kuangalia machipukizi yakikua huku mfuko ukiwa mtupu. Halafu kuna kutu ya majani, ambayo mwaka 2012 na 2013 ilifyeka mashamba ya Amerika ya Kati na kuwafukuza maelfu ya vibarua na wakulima wadogo kutoka kwenye kahawa. Kijana anayeambiwa apande aina mpya zinazohimili ugonjwa anaambiwa jambo la busara. Lakini miaka hiyo mitatu atakula nini? Ni programu chache sana za vijana nilizoziona zikijibu swali hili. Nyingi hugawa miche.

Ongeza bei. Hadi Julai 1989 nchi zinazouza na zinazonunua kahawa zilikuwa na mapatano ya kimataifa, yaliyoanzia mwaka 1962, yaliyogawa mafungu ya mauzo ili bei isianguke ovyo. Mafungu hayo yalipovunjika, soko la New York likabaki ndilo msemaji mkuu wa arabika, aina ya mbuni inayotoa sehemu kubwa ya kahawa maalumu. Mwishoni mwa 2001 ratili moja ilikuwa chini ya senti 50 za Dola. Mwaka 2011 ilipita dola 3. Mwaka 2019 ilishuka chini ya dola 1. Desemba 2024 ilivunja rekodi iliyodumu tangu 1977, na Februari 2025 ikapita dola 4. Mfikirie kijana aliyeshawishiwa na bei ya 2011 akapanda mwaka huohuo. Mibuni yake ilipofika nguvu zake kamili, miaka ya 2018 na 2019, bei iliyomshawishi ilikuwa imekufa. Hakufanya kosa lolote la kilimo.

Wengi hudhani kahawa maalumu imejitenga na mawimbi hayo, na sivyo ilivyo. Mikataba mingi ya kahawa hii bado huandikwa kwa kuchukua bei ya New York na kuongeza senti kadhaa za ubora. Baridi kali iliyounguza mibuni ya Brazili Julai 2021 ilipandisha malipo ya watu ambao hawajawahi kuona jalidi. Mavuno makubwa ya Brazili huyashusha kwa namna hiyohiyo. Usiku wa turubai na mawe, na saa zote za kuchambua punje, vimefungwa kwenye nyongeza ile ndogo, huku sehemu kubwa ya malipo ikiamuliwa na mambo ambayo kijana hana mkono wake. Ipo njia nyingine, nayo inatumika: mnunuzi na mkulima hukaa, wakahesabu gharama za uzalishaji, wakaandika bei kamili isiyotikiswa na soko kwa misimu miwili au mitatu. Mnunuzi anayekubali hivyo amebeba sehemu ya hasara. Huyo ndiye ningemruhusu aandike neno "vijana" kwenye mfuko wake.

Bei ya chini ya Fairtrade, mfumo wa kimataifa wa biashara ya haki, inasaidia kwa kiasi chake. Kwa arabika iliyooshwa ilikaa dola 1.40 kwa ratili tangu 2011, ikapandishwa kuwa dola 1.80 Agosti 2023. Ni sakafu, na mwaka kama 2019 sakafu ni kitu kikubwa sana. Lakini hulipwa kwa chama cha ushirika, na si lazima kahawa yote ya chama ipate mnunuzi kwa masharti hayo. Kijana ambaye hajaandikishwa kama mwanachama, kwa kuwa shamba liko kwa jina la baba yake, haoni hata hiyo sakafu.

Bei inapopanda sana huja taabu ya namna nyingine, na hapa nataka kuwatetea vijana kwa sababu nimewasikia wakilaumiwa. Soko la kawaida likilipa vizuri, tofauti kati ya kahawa iliyohangaikiwa na iliyokwanyuliwa hupungua. Mchuuzi anakuja mlangoni na fedha taslimu, anachukua kila kitu, hapimi unyevu wala hasubiri muonjaji. Kijana aliyemwahidi mnunuzi wa kahawa maalumu magunia kumi anampa manne, yaliyobaki anauza palepale. Mnunuzi anasema amesalitiwa. Lakini huyo mnunuzi alikuwa wapi 2019? Kama alilipa kwa kufuata soko liliposhuka, hana haki ya kudai uaminifu linapopanda. Waliolipa bei isiyotikisika wakati wa dhiki wana haki hiyo.

Wapo watakaonitajia Geisha, aina ya mbuni yenye sifa kubwa, na niseme wazi kwamba hadithi yake naipenda. Mbegu zake zilichukuliwa kwenye misitu ya kusini magharibi mwa Ethiopia miaka ya 1930, zikapitia kituo cha utafiti cha Lyamungu, Tanganyika, zikafika Costa Rica mwaka 1953, na miaka ya 1960 zikaingia Panama, ambako zilikaa kama mti wa kawaida usiozaa sana. Mwaka 2004 familia ya Peterson ya Hacienda La Esmeralda, huko Boquete, ilionja mavuno ya kila kipande cha shamba peke yake, ikakutana na ladha iliyowashangaza waonjaji wote, ikashinda mashindano ya Panama na kuuza mnadani kwa dola 21 ratili moja, bei isiyowahi kusikika wakati ule. Tangu hapo kila warsha ya vijana ina picha ya Geisha. Kinachoachwa ni kwamba shamba lile lilinunuliwa mwaka 1967 na Rudolph Peterson, aliyekuwa rais wa Bank of America. Familia ile ilikuwa na akili, jicho na bidii, na pia ilikuwa na uwezo wa kukosea mara tano ikabaki na shamba lake. Ukimwonyesha kijana mwenye nusu hekta ushindi ule bila kumwonyesha godoro lililokuwa chini yao kama wangeanguka, umemdanganya.

Minada ya mashindano, kama ya Cup of Excellence iliyoanzia Brazili mwaka 1999, imefanya jambo jema: imethibitisha kwamba mkulima mdogo asiyejulikana anaweza kutoa kahawa ya kushinda wakubwa. Ila mshindi ni mmoja na gunia lililoshinda ni sehemu ndogo ya mavuno yake. Maisha ya kijana yanategemea magunia mengine.

Ndiyo maana mfano unaonivutia zaidi ni mkavu, hauna picha nzuri. Kolombia ina shirikisho la wakulima wa kahawa tangu 1927, na mojawapo ya kazi zake kuu ni kuhakikisha mkulima ana pa kuuza: kahawa ikifikia kiwango cha kawaida kilichowekwa, kuna kituo kitakachoinunua kwa fedha taslimu kwa bei iliyotangazwa siku hiyo. Bei hiyo hufuata soko, kwa hiyo haimkingi mkulima na anguko la bei. Inachomkinga nacho ni kukosa mnunuzi. Kijana wa huko akijaribu kuvundika kwa saa nyingi zaidi, au kuanika tunda zima bila kumenya, na jaribio likashindwa kufika 80, anajua kahawa yake ikiwa haijaharibika ina pa kwenda. Hapo ndipo ujasiri wa kujaribu unapotoka. Watu husifu ubunifu wa wakulima vijana wa Kolombia kana kwamba umo kwenye damu. Mimi naona kituo cha kununulia.

Ardhi nayo haiwezi kurukwa. Sehemu kubwa ya mashamba ya kahawa duniani, ambayo hukadiriwa kuwa takriban milioni 12.5, ni ya hekta chache tu, na mengi yanashikiliwa na wazazi ambao bado wana nguvu. Kijana anafanya kazi, baba anasaini. Siku ya malipo fedha inaingia kwa jina la baba, na kijana anapewa "kitu kidogo". Kwa binti ni vigumu zaidi, kwa kuwa katika jamii nyingi anahesabiwa kuwa ataolewa aondoke, na mbuni ni mti wa miongo. Akitaka kukodi shamba anapewa msimu mmoja au miwili, muda usiotosha hata mche mmoja kuzaa. Bila hati hana dhamana, bila dhamana hana mkopo, na bila mkopo atauza kahawa ikiwa bado maua kwa mtu atakayempa nusu ya thamani yake. Mnunuzi aliye mbali anaweza kufanya jambo hapa, na wachache hufanya: anaweza kudai kwamba mkataba uwe na jina la aliyelima, malipo yaingie kwenye akaunti yake, na sehemu yake itolewe kabla ya uchumaji ili vibarua walipwe. Familia nyingi zimebadilika pale zilipoona kwamba jina la kijana ndilo linaloleta fedha nyumbani. Baba huyohuyo aliyekataa kugawa shamba humkatia mwanawe mistari mia mbili ya mibuni bila kuambiwa na mtu.

Huwa naambiwa kwamba vijana hawataki kushika jembe, kwa hiyo tuwafundishe kukaanga, kuonja, kutengeneza vinywaji, kurusha droni, na kilimo tukiachie mashine. Nakubali nusu. Kikundi cha vijana wanaozunguka wakipogoa na kukata visiki kwa malipo, au wanaomiliki mashine ya kumenya na kuwahudumia wazee kumi, wana kipato kisichongoja mauzo ya ng'ambo, na hiyo ni njia nzuri kabisa ya kuvuka miaka mikavu. Lakini mteremko mkali ambako kahawa nyingi bora huota haupandwi na mashine ya kuvunia. Na huyo mkaangaji kijana atakaanga ya nani? Wala sidhani ni kosa kijana kuondoka akiona hesabu haikai. Wanaoondoka wameihesabu kahawa vizuri kuliko wanaowahimiza wabaki.

Kisha kuna suala la nani anajua ladha. Wakulima wengi wa kahawa hawajawahi kuonja kahawa yao wenyewe. Matunda yao hupelekwa kituoni, yakachanganywa na ya majirani mia, na alama wakipewa ni za lundo zima. Ethiopia, tangu mwisho wa 2008, kahawa nyingi ya wakulima wadogo ililazimika kupitia soko moja la bidhaa ambako ilibaki na jina la eneo na daraja tu. Hadi mageuzi ya 2017 ilikuwa vigumu mno kwa mnunuzi kujua ilitoka kwa nani. Ukimnyima mkulima alama zake umemnyima silaha ya kujadiliana. Siku hizi kijana mwenye alama mkononi anaweza kufungua simu akatazama takwimu za mikataba halisi ambazo Chuo Kikuu cha Emory cha Marekani hukusanya na kuchapisha, akaona kahawa ya alama kama zake na wingi kama wake inauzwa bandarini kwa kiasi gani. Asiye na alama husikiliza anachoambiwa.

Nilikaa meza moja ya uonjaji na binti aliyekuwa akilima msimu wake wa sita. Mbele yetu kulikuwa na sampuli mbili zake, kila moja vikombe vitano. Gramu 8.25 za kahawa iliyosagwa kwa mililita 150 za maji, dakika nne za kungoja bila kugusa, kisha unainama mpaka pua ikaribie kugusa povu na kulivunja kwa mgongo wa kijiko. Alipovunja la kikombe cha kwanza alinyamaza, akarudia kunusa. "Inanukia kama shamba linapochanua," akasema. Muonjaji mkuu, mtu mzima asiyependa maneno mengi, alitikisa kichwa kukubali. Ilipata 86.

Sampuli ya pili muonjaji aliionja, akairudia ikiwa imepoa, akaweka kijiko chini. "Dada, hii ilinyeshewa?"

"Ilinyeshewa, kaka. Usiku mmoja tu. Mtoto alikuwa na homa."

Akaandika 79. Mnunuzi aliyekuwapo akasema ya kwanza anaichukua yote, tena kwa bei nzuri, akaanza kumuuliza binti kuhusu picha ya kuweka kwenye mfuko. Binti alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, halafu akauliza: "Na hii ya pili ataichukua nani?"

Hakuna aliyekuwa na jibu lililoandaliwa. Msimu ule iliishia kwenye kahawa ya kawaida, kwa bei ya kawaida. Vibarua waliochuma magunia yote mawili alikuwa amekwisha kuwalipa sawa.